Kichocho cha Machimboni

Mwanangu alizaliwa na macho mazima. Nalitanguliza hilo kwa sababu wapo wanaopenda kunisahihisha, nami sitaki kusahihishwa. Niliyaona mwenyewe asubuhi ile nilipojifungua nyumbani kwa mama mkwe, kijijini Samuye, mvua ikiwa imefunga njia ya kwenda zahanati. Meusi, yananitazama.

Siku chache baadaye kope zikavimba. Usaha wa njano ukawa unatoka, ukiufuta unarudi. Mama mkwe akasema ni moshi wa jikoni. Akanikamua maziwa, akamdondoshea mtoto machoni, maana ndivyo alivyowalea wanawe wote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ningebisha nini? Kesho yake macho hayakufunguka kabisa. Jamani, niliogopa. Niliogopa mpaka nikawa siwezi kumeza uji.

Mume wangu hakuwepo. Alikuwa machimboni, upande wa Runzewe, anashuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, na vijana wenzake. Mara ya mwisho alipokuja nyumbani, mimba yangu ikiwa kubwa, kila akienda haja ndogo alikuwa anauma meno. "Kichocho," akasema. Nani angebisha? Kwetu kila mtoto wa kiume aliyeogelea lambo amewahi kukojoa damu, na wenyewe wanataniana kwamba asiyeugua kichocho bado hajakua. Mama yake akamnunulia vile vidonge tulivyokuwa tunamezeshwa shuleni, ambavyo mwalimu anakupima urefu kwa fimbo kwanza. Akameza, akarudi kazini. Kabla ya kuondoka aliniambia kambi nzima wana kichocho, nami nikacheka. Baadaye na mimi nikaanza kutokwa na uchafu. Mama mkwe akasema ni chango, akanichemshia mizizi, nikanywa.

Tulimpeleka mtoto mjini Shinyanga kwa bodaboda, mimi na mama mkwe, nimemfunika uso kwa kanga. Njia nzima nilikuwa nainua pindo, nachungulia kama kope zimeachia. Hazikuachia. Benchi la pale hospitali lilijaa vijana, wasichana kwa wavulana, kila mmoja anatazama chini.

Nesi alipomuona mtoto hakutuamkia wala hakusubiri shikamoo yangu. "Baba yake anaumwa nini?"

"Kichocho tu," mama mkwe akajibu haraka.

"Cha machimboni?" Nesi akaguna. "Hicho nakijua. Hao hapo nje wengi wanacho, na ni watoto watupu. Na wewe, mama, unatokwa na nini?"

Nikainamia kanga ya mtoto. Kwetu mkwe hatajiwi mambo ya chini ya kitovu, hasa ya mwanawe. Tena nilijua nikifungua mdomo nitaambiwa ni mimi niliyeuleta ugonjwa, nirudishwe kwetu na kanga yangu, mtoto abaki kwao.

"Mficha uchi hazai," nesi akasema. "Wewe umeshazaa, sasa unaficha nini? Kila ukinyamaza jicho linaoza."

Nikasema yote. Mama mkwe akaruka kwenye kiti. "Yaya, hapana! Mwanangu hana ugonjwa huo. Labda huyu!"

Basi, nilichokuwa nakiogopa kikawa kimesemwa, na dunia haikuanguka. Nesi hata hakumtazama, alikuwa anavuta dawa kwenye sindano. "Mama, hapa sitafuti mkosaji. Hiki ni kisonono. Mtoto kakipata wakati anazaliwa, na kinakula kioo cha jicho. Mpigieni baba yake simu aje leo. Wote watatu wanatibiwa, la sivyo mtarudi hapa."

Alimchoma mtoto, alinichoma mimi. Tukafundishwa kumsafisha macho kwa maji ya chumvi ya hospitali, tena na tena, bila kubonyeza. Mama mkwe hakuniongelesha, lakini nilipochoka aliipokea ile pamba mkononi mwangu akaendelea yeye. Nilikuwa namwomba Mungu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, lolote atakalowahi kulisikia.

Mume wangu akafika jioni, matope ya duarani yamekaukia kwenye buti. Mama yake akamwahi mlangoni. "Mwambie nesi, baba. Mwambie ni kichocho."

Akatazama sakafu. "Si kichocho, mama."

"Nini?"

"Kambini wote tunajua. Tunakiita hivyo ili nyumbani tusiulizwe."

Nilitaka kumtukana. Maneno yalikuwepo, tena mabaya. Lakini nesi alikuwa ameshashika tochi, uvimbe umepungua, anataka kufungua kope, nami nikasahau kama nina mume.

Akaanza na la kushoto. Mwanga ulipogusa, mtoto akakunja uso akageuza kichwa. "Hili linaona," nesi akasema, na mama mkwe akashika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma.

Akafungua la kulia. Lilikuwa jeupe katikati, jeupe la maziwa yaliyoganda. Akapitisha tochi, akairudisha, akaipitisha tena. Mtoto alilala tu, ametulia.

Mume wangu akaanza kukunja mkono wa shati. "Nichome na mimi," akasema. "Niko tayari."