Poda Iliyomwagwa Mapema

Kila mwisho wa mwaka, shule ya wavulana iliyo jirani na kambi yetu ya jeshi ya Kamina huwaita wazazi waje kusikiliza komunike, tangazo la mwaka. Mkuu wa shule, prefe, huisoma mwenyewe, ndani ya koti zito linalomchemsha kama kiazi. Mwaka ule habari zilikuwa njema tupu. Upepo umeondoka na paa la darasa la tano, kwa hiyo mwanga sasa unatosha. Mwalimu wa fizikia amekwenda kuchimba madini, tunamtakia heri. Kisha vikaja vikumbusho. Madawati yaliyoazimwa kwa ajili ya matanga yarudishwe, hata kama marehemu alikuwa mtu mkubwa. Na familia za wanafunzi wa mwaka wa sita zisimwage poda kabla matokeo ya mtihani wa serikali hayajatoka.

"Mwaka uliopita," prefe akaongeza, "kuna mama alimwagia mutoto yake, akamwagia jirani, akamwagia mpaka mbuzi ya jirani. Mutoto alianguka ku mtihani. Mbuzi njo ilibakia na heshima."

Wazazi walicheka. Marie-Thérèse, kwenye benchi la mbele, hakucheka. Kopo la poda alikuwa nalo tayari nyumbani.

Maana kwetu kijana aliyefaulu mtihani huo hapewi mkono tu. Humwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka afanane na mtu aliyetumbukia kwenye gunia la unga, kisha hutembezwa mtaani kwa nyimbo. Asiyepata poda hana diplome, hata kama karatasi anayo.

Marie-Thérèse alizaliwa Luena. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na kazi yake kubwa ilikuwa kungoja treni. Kungoja akarithi. Akaolewa na Mwepu, sajini aliyemhamisha kambi hadi kambi, wakaishia hapa, ambapo anauza mikate kwenye lango. Kutoka langoni aliwaona wajane wakitoa vyungu nje ili mke wa askari mpya aingize vyake. Alijua hata gari linaloleta habari za kifo: huenda polepole kwa adabu, wakati magari mengine ya kambi hayana adabu kabisa.

Ndiyo maana alitaka diplome ya Jérémy, mwanawe wa kwanza, kuliko Jérémy mwenyewe alivyoitaka. Kijana alikuwa ameanguka mtihani mara mbili. Mwepu alikwisha kutoa hukumu: akifaulu, atakwenda Lubumbashi kwa mjomba wake, akianguka tena, atavaa sare ya jeshi.

"Muntu wa kuanguka mara tatu amezoea kuanguka," alisema Mwepu. "Jeshi inapenda bantu ba vile."

Mtihani ukafanywa. Kabla ya matokeo, Mwepu akaambiwa ajitayarishe kwenda vitani, ndege ya mashariki inaondoka kesho.

"Asubuhi nitapita na Jérémy ku biro ya jeshi, bamuandike," alimwambia mkewe. "Matokeo ikitoka muzuri, bataondoa jina."

"Jeshi inaondoaka jina ya bantu?"

"Inaondoaka."

"Ya bantu balikufa tu, Baba Jérémy."

Basi mchana ule Marie-Thérèse alitoka mbio nyumbani, simu mkono mmoja na kopo mkono mwingine, akipiga vigelegele kwamba ujumbe umeingia, mtoto amepita. Jérémy alikuwa anaoga. Alimwagiwa poda akiwa bado na sabuni.

"Mama, minyi sijaona kintu," kijana alinong'ona.

"Funga kinywa, poda itaingia."

Asma, mke wa mfanyabiashara, jirani yao, alikuja akishangaa. "Mama Jérémy, matokeo imetoka? Ya Yusufu yetu bado."

"Ya kwenu itakuya, mama. Ya kwetu ilitangulia."

Mwepu alilia mbele za watu, jambo ambalo sajini haruhusiwi. Alicheza, akapakwa poda mpaka kwenye bere, kofia yake ya kijeshi, na kesho yake akapanda ndege akiwa mweupe masikioni. Kule biro hakupita. Marie-Thérèse alilala usingizi mzito kuliko wote tangu aolewe.

Matokeo yalipotoka kweli, Yusufu alikuwa amefaulu. Asma alikuja kuomba poda, akaoneshwa kopo tupu. Jérémy alikuwa ameanguka. Mtaa ulifanya hesabu yake kimya kimya, na kuanzia hapo watoto walimwita Mbuzi.

Marie-Thérèse hakujali. Mbuzi aliye hai. Mjomba wa Lubumbashi alikwisha kukubali kumpokea, hata kumtafutia kazi ya kubeba mizigo.

Kisha Mwepu akapiga simu. Sauti ilikatika-katika, lakini furaha ilipita.

"Mama Jérémy, nilimwambia komanda juu ya diplome. Amefurahi sana. Anasema banatafuta bana ba masomo, bakuwe baofisa. Nilimutia jina. Lori itamupitia juma kesho."

Marie-Thérèse alishika simu kwa mikono miwili.

"Mwepu, mutoto alianguka."

"Unasema nini?"

"Alianguka. Poda ilikuwa ya bongo, ya kukudanganya. Minyi njo nilibonga."

"Sasa," alisema Mwepu, "ataenda askari wa kawaida. Jina imeishaingia."

Lori lilikuja siku iliyosemwa, jambo ambalo halijawahi kulipata lori lolote la Kamina. Kinyozi wa kambi alimnyoa Jérémy langoni, karibu na meza ya mikate. Mama yake alimfungia mikate yote iliyokuwepo, na wateja wa asubuhi wakarudi na njaa.

Mwaka uliofuata prefe alisimama tena na koti lake. Habari njema: paa bado, lakini mvua imekuwa na huruma. Habari njema nyingine: mwanafunzi wetu wa zamani, Jérémy, analitumikia taifa, shule inajivunia. Wazazi wakapiga makofi. Yuko upande gani wa taifa, prefe hakusema, na mama yake hakujua. Tangu mvua za kwanza simu ya Jérémy haipatikani.

Marie-Thérèse alikuwa kwenye benchi lilelile, kwa ajili ya mwanawe wa pili, Plamedi, anayeingia mwaka wa sita. Prefe alipofika kwenye kikumbusho cha poda, wote walicheka, naye akacheka pamoja nao. Asubuhi ile Mwepu alikuwa amepiga simu kuuliza Plamedi amefikia urefu gani.