Kitabu Kilichomwagiwa Maji ya Baraka

Mvua imeingia ndani ya sanduku langu, na karatasi zilizolowa zina harufu ileile ya siku ile. Dada alikuwa ameazima kitabu cha hesabu kwa jirani Mmethodisti, maana vya mapadri wetu Wakatoliki havikupatikana.

"Mama, hesabu iko moja tu," dada alisema.

"Ya Bamethodiste haingie mu nyumba yangu bila kubatizwa," mama akajibu, akakimwagia maji ya baraka, chupa nzima. Dada akakausha ukurasa mmoja mmoja juu ya makaa ya mbabula, jiko letu la bati, akihesabu kwa sauti ya chini.

Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, homa ikamlaza dada. Mama alichukua ile chupa, akaitikisa juu ya paji la uso wake, akaitikisa tena. Hakikutoka kitu. Dada, macho ameyafumba, alikuwa bado anahesabu.