Fundi Aliyeombwa Arudi

Wiki iliyopita nilikuwa dukani Nachingwea nikisubiri kupimiwa misumari. Kando yangu fundi mwashi mmoja wa makamo alikuwa akichagua jembe. Mara akaingia kijana msimamizi wa madarasa yanayojengwa Chinongwe, akamwona.

"Shikamoo, fundi. Rudi kazini. Siku hizi anayetoa amri ni mmoja tu, na kila Jumamosi tunakaa kuwasikiliza mafundi."

"Marahaba." Fundi aliendelea kuupapasa mpini. "Mkubwa huyu alikuwa akisema jenga, mkubwa yule anakuja anasema bomoa. Nikijenga nagombezwa, nikibomoa nagombezwa. Usingizi ukanipotea. Si niliwaomba mkubaliane?"

"Ulituomba. Ndiyo maana tumebadilika."

"Mmefanya vema, mwanangu. Watunzeni waliobaki. Mimi hata nikisikia koleo likikwangua zege, moyo unanienda mbio."

Akalipa, akaweka jembe begani, akashika njia ya kwenda shambani kwake Chiola. Msimamizi alibaki akiizungusha kofia yake mikononi, kasahau alichofuata dukani.

Utaratibu ule mpya haukuhitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Ulihitaji wakubwa wawili wazungumze, na hilo ndilo lililochelewa.