"Haya Basi" Aurudia Usukani wa Boti

Saa kumi na mbili asubuhi, gari la kulala, lile lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani, linarudi nyuma polepole kuelekea ufukwe wa ziwa. Nyuma yake amesimama mwanamke mwenye buti za mpira na khanga aliyoifunga juu ya suruali.

Anavuta vidole kuelekea kifuani, anavuta tena, kisha anafungua kiganja. Gari linasimama. Dereva, mzee mgeni aliyekuja na mkewe na paka wao, anachungulia dirishani: tairi limebakiza shubiri moja kugusa jiwe.

"Lugha yao siijui, na yangu hawaijui," anasema mama huyu. "Lakini mkono wanauelewa wote."

Ameelekeza magari katika kambi hii kwa miaka tisa. Wenzake wanamwita Haya Basi, na jina hilo halikumjia kwa heri.

Kambi ina boti ya kutembeza wageni kandokando ya ziwa. Inapita kwenye matete, inazunguka mwamba uliokuwa mweupe kama chokaa kwa vinyesi vya ndege waitwao mnandi, inarudi gatini. Nahodha wake, ambaye kila mtu anamwita Kepteni, magoti yamemkataa na anaacha kazi mwisho wa mwezi huu. Mwenyewe ndiye aliyemfundisha mama huyu kuendesha, jioni baada ya jioni, wageni wakiwa wanakaanga mayai yao.

Kazi ya nahodha inalipa zaidi ya mara mbili ya kuelekeza magari. Mume wake ni fundi viatu, na watoto wawili wako shule. Lakini ukimuuliza anaitakia nini, haanzi na hela.

"Nimechoka kuwaelekeza wenzangu waende," anasema. "Na mimi nataka kwenda."

Alipojaribiwa mara ya kwanza, shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa gatini kupokea kamba. Boti ilipokaribia, shemeji akapaza sauti: "Haya! Basi!" Maana yake, umefika, zima. Kelele za injini zikakimeza kile kituo kati ya maneno mawili. Kwenye usukani mama akasikia "Haya basi," kama mtu anavyomwambia mwenzake endelea tu. Akaendelea.

Ubao wa gati ukapasuka. Chai ya mgeni mmoja ikamwagikia suruali yake. Bosi, mwenye kambi, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, rudi kwenye magari yako."

"Nililia chooni," anasema mama. "Nikatoka nimeshanawa uso, nikakuta jina jipya linanisubiri."

Kepteni ndiye aliyembembeleza Bosi ampe nafasi nyingine. Bosi akakubali kwa sharti: moja tu, na akigonga tena, atatafutwa nahodha kutoka nje.

Wiki nzima, mama na shemeji wamekuwa wakifanya mazoezi jikoni kwao. Mama anasukuma sufuria mezani, shemeji upande wa pili anatoa ishara za mkono, zile zile za magari. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, akachoka kuwatazama.

"Mmenuniana?" akauliza.

"Hapana, mama. Tunaegesha boti."

"Basi iegesheni nje, nataka sufuria yangu."

Leo, saa tatu, wageni wanane wamevaa maboya. Yule mzee wa gari la kulala yumo, paka amebaki. Mama anashika usukani, Kepteni ameketi pembeni na mikono mapajani, kama alivyoamriwa. Safari yenyewe ni shwari. Wageni wanapiga picha mwamba, ndege mdiria anachomoka majini na dagaa mdomoni, mke wa mzee anapiga makofi.

Shida ni kurudi. Upepo umegeuka, unaisukuma boti ubavuni. Bosi yuko gatini, mikono nyuma.

Mama anapunguza moto. Shemeji anavuta vidole. Anavuta tena. Mdomo wake unafunguka, anauuma asipaze sauti. Mama anatia rivasi, mkia wa boti unajileta wenyewe, kiganja kinafunguka. Anazima.

Bosi anangoja kishindo.

"Umeshagusa?" anauliza hatimaye.

"Zamani, bosi. Wageni wanakusubiri utoke njiani washuke."

Shemeji anacheka mpaka kamba inamponyoka. Bosi anainama, anaiokota, anaifunga mwenyewe.

"Mwezi ukianza, boti ni yako," anasema. "Na huyu mumfundishe kushika kamba."

Mama hacheki. Anakaa kwanza kwenye benchi la wageni, anavua buti moja, anamwaga maji yaliyoingia.

Ana mpango kwa safari yake ya kwanza. Atamkalisha Kepteni mbele kabisa, kwenye kiti cha mgeni.

"Miaka yote anapita pale, macho yakiwa kwenye maji na abiria," anasema. "Ule mwamba hajawahi kuutazama akashiba."

Kepteni, anayeshuka ngazi akiwa ameshikilia bega la mama, amesikia.

"Na nikiona unakosea?"

"Utatazama ndege, Kepteni."