Nililiruka Jina la Mfilipino

Kosa ni langu, msitafute mwingine. Timu ya basketi ya kiwanda chetu cha mablanketi pale Industrial Area niliiua mimi, tena kwa biro!

Wakati huo nilikodi chumba cha nyuma Buruburu, lakini ungenisikia nikiongea ungedhani mtaa mzima ni wangu. Nilikuwa gadi, yule anayeleta mpira mbele na kuamua nani apewe. Mimi niliamua haraka: nijipe mwenyewe. Kapteni mzima, jameni! Saa nane wenzetu wako kwa mashine wanatokwa jasho, sisi wachezaji tunaachiliwa twende mazoezi.

Halafu kampuni ikaleta Mfilipino, fundi wa kutufundisha mashine mpya. Aliitwa Nesto. Mfupi, goti limefungwa bandeji, nywele zimeanza mvi. Akasema kwao Manila alicheza basketi ya kulipwa miaka tisa, gadi kama mimi, mpaka goti likamtoa. Nilicheka mpaka nikaketi. "Huyu? Labda alikuwa anabebea wengine maji!"

Siku yake ya kwanza mazoezini alininyang'anya mpira mara tatu. Hata hakukimbia, bwana. Alisimama tu pale nilipotaka kupita.

"Kapteni, leo umepata mwalimu!" akasema Otieno, yule mrefu wetu, na timu yote ikaangua kicheko. Nami nikacheka. Rohoni, woi, nilikuwa nachemka.

Meneja alishatuambia wazi: mkileta kikombe cha mashindano ya viwanda, timu inaendelea, mkikosa, kila mtu kwa mashine yake mpaka jioni. Naye Nesto mkataba wake ulikuwa unaisha siku chache tu baada ya fainali. Akanishika mkono kantini, na Kiswahili chake cha kuokota kwa wapishi: "Kapteni, mimi nataka dakika kidogo tu. Ya mwisho. Halafu goti ipumzike."

"Usijali, mzee wangu," nikamwambia. Mtu mkarimu sana mimi!

Kuandika majina ilikuwa kazi ya kapteni. Jina lako lisipokuwa kwenye karatasi ya refa kabla ya mechi kuanza, huchezi, hata uwe malaika. Basi siku ya fainali nikaandika majina yote kwa mwandiko safi wa shule ya misheni. La Nesto nikaliruka. Mwenyewe alikuwa pale kwenye benchi, anafunga kamba za viatu; wengine bado wako ndani wanavaa jezi, na meneja hajafika.

Nilicheza kama mfalme siku hiyo. Nilirusha kutoka kila pembe, na nikakosa kutoka kila pembe. Zikabaki dakika tano, tuko mbele kwa pointi mbili, nikapata faulo ya tano. Nje!

"Ingiza Mfilipino!" meneja akapiga kelele. Nesto akavua jaketi haraka. Refa akasoma karatasi, akairudia, akatikisa kichwa. "Huyu hayuko hapa."

Akaingia karani wa stoo, mtu aliyeogopa hata mpira wenyewe. Tukapigwa kwa pointi sita.

Meneja akauliza upuuzi huo ni wa nani. Mimi, hodari wa kujisifu, nikajifanya natafuta taulo. Nesto akanitazama kidogo, kisha akasema, "Ni mimi. Nilichelewa kufika." Nami, aki ya Mungu, nikakubali kwa kichwa!

Jumatatu timu ikavunjwa, tukarudi kumeza vumbi la nyuzi mpaka jioni. Ijumaa nikamsindikiza Nesto mpaka geti, eti rafiki. Akanipa mkono.

"Kapteni, mimi nilikuona unaruka jina yangu."

Nikamuuliza, mbona hukusema?

"Nilifikiri utarudi kuandika. Muda ulikuwa. Nikangoja."

Heri angenizaba kofi! Mtu amecheza miaka tisa mbele ya watu wa kwao, na mechi yake ya mwisho akaimalizia kwenye benchi ya mbao akiningoja mimi nipate utu. Hata pole sikumwambia. Gari likamchukua.

Mpaka leo, saa ya chai, wenzangu wanamlaani Mfilipino aliyechelewa akatupotezea kikombe. Nami huwa nachovya mkate wangu na kusema, "Kweli kabisa." Ndugu yangu, ukiwa na wivu na mtu, usikubali kushika biro siku hiyo. Mpe mwingine aandike.