Kidole cha Nani Kilibonyeza?

Kuna asubuhi moja ya kijijini Akheri inayonirudia, mwanangu, kila ninapomwona kijana anafungua kompyuta kuchora kitu kitakachotumiwa na watu ambao hajawahi kukaa nao. Ilinirudia tena juzi, uliponiambia umeanza kozi ya usanifu wa huduma za simu, ukaniuliza ni programu gani ya kuchorea ujifunze kwanza. Nilikujibu haraka haraka kwa sababu ulikuwa unawahi gari la Usa River. Sasa nikujibu vizuri.

Wakati ule simu za kugusa zilikuwa bado hazijawafikia wakulima wa mlimani. Watu walikuwa na vitochi, zile simu ndogo za vitufe zenye taa kichwani. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, nafanya kazi katika ofisi ndogo ya Kimandolu, mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kiongozi wetu alikuwa kaka mmoja Mwarusha, Lomayani, mtu wa maneno machache. Akikuuliza swali alikaa kimya mpaka ujibu lile ambalo hukutaka kulijibu. Tulikuwa tunatengeneza huduma ya kumwita daktari wa mifugo: mfugaji anapiga namba fupi, maswali yanatokea kwenye kioo, anajibu, daktari anapata taarifa. Majina makubwa ya kazi hii mnayofundishwa leo sikuwa nimeyasikia. Lomayani alisema tu kwamba kazi yetu ni kuhakikisha mtu hahangaiki.

Nikatumwa kwa wafugaji kuijaribu huduma. Nikapita nyumba kwa nyumba, nikarudi nimejaa furaha.

"Wote wameweza," nikamwambia Lomayani.

"Wote?"

"Wote kabisa. Wamesema ni nzuri, wameshukuru sana."

"Kidole cha nani kilibonyeza?"

Nikatazama vidole vyangu. Naye akaningoja.

"Changu," nikasema mwishowe. "Lakini kaka, mtu mzima anahangaika na simu mbele yako, utakaa umemkodolea macho? Mimi sikulelewa hivyo."

"Najua. Ndiyo maana mpaka sasa hatujui chochote. Rudi."

Nilichukia, na ngoja nikueleze kwa nini, maana ninyi mliokulia mjini huenda msilione. Kwetu mtoto akimwona mkubwa anatafuta kitu, anainuka. Akimwona amebeba mzigo, anampokea. Sasa naambiwa nikae mbele ya bibi wa watu, mikono mapajani, nimtazame anavyoshindwa. Niliiona ni kazi ya watu wasio na adabu.

Nyumba niliyoanza nayo, huko Akheri, ilikuwa ya Bibi Kaanaeli, mjane aliyeishi peke yake na ng'ombe mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni. Ng'ombe alikuwa na mimba kubwa, tumbo limeshuka. Mimba iliyotangulia, ndama alikuja vibaya, mguu mmoja umekunjika ndani, na Bibi akalazimika kungoja jirani mwenye namba ya daktari arudi kutoka sokoni ndiye ampigie. Daktari alipofika, ndama alikuwa amekwisha kufa. Haya alikuwa amenieleza safari ya kwanza, kwa sauti ile ile aliyonitajia bei ya pumba, lakini muda wote mkono wake ulikuwa shingoni mwa ng'ombe.

"Nikimkosa na huyu," akasema, "sidhani kama nitakuwa na moyo wa kufuga tena."

Siku ile alipoona amerudiwa na mgeni yule yule, alishangaa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umerudi? Kile kitu chenu kimeharibika?"

"Hapana, Bibi. Safari hii unabonyeza mwenyewe."

"Mwenyewe! Na wewe utakuwa unafanya nini, unakula?"

Akavaa miwani. Alijua kusoma vizuri. Biblia yake ilikuwa imechakaa kwa kufunuliwa. Ila alisoma taratibu, midomo ikisogea. Kioo kikamwuliza jina, kisha kijiji. Nikaona kidole chake kinazunguka juu ya vitufe, hakijui pa kutua. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikachukua simu. "Hapa, Bibi."

Aliniacha nimalize. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Wewe ni mtoto wa mama mzuri. Umelelewa. Sasa niambie, siku ng'ombe wangu akilala chini, utakuwa wapi?"

"Mjini, Bibi."

"Basi."

Aliingia ndani, akarudi na beseni la ndizi mbichi na kisu, akaviweka miguuni pangu. "Menya. Mikono yako haijui kukaa, ipe kazi."

Mwanangu, umewahi kumenya ndizi mbichi bila kupaka mafuta mikononi? Haukupita muda, vidole vyangu vilikuwa vyeusi na vinanata kwa utomvu, nisingethubutu kushika simu ya mtu. Na kwa kuwa nilikuwa namsaidia kazi ya jikoni, moyo nao ulitulia. Sikujiona tena mtoto asiye na adabu. Nikamenya, nikatazama.

Ndipo nilipoanza kuona. Alipoulizwa jina, aliinua kichwa akasema, "La kwangu la nini, anayezaa si ng'ombe?" Aliandika herufi moja moja, akivuta simu karibu na kuisogeza mbali. Kabla hajamaliza jina la kijiji, muda ukaisha na maswali yote yakafutika. Akaanza upya. Safari hii alishikilia kitufe kwa muda mrefu, taa ikawaka.

"Nimemwita daktari au nimemmulika?"

Tukacheka wote wawili. Akaanza tena, na maswali yakafutika tena, wala hakucheka. Aliiweka simu juu ya kigoda, akageuka akatazama zizini. Kisu changu kilisimama. Nilitamani kumwambia kwamba kosa si lake, lakini nikaendelea kumenya. Bibi akasema, kama anayejisemea mwenyewe:

"Mimi nilitaka tu kumwambia aje."

Nilirudi Kimandolu na sentensi hiyo moja. Fundi aliyetunga maswali alibisha. Alisema ofisi inahitaji taarifa za kila mfugaji. Lomayani akamwambia taarifa zitakusanywa na daktari, kwa mdomo, mtu akishatulia. Tukafuta karibu kila kitu. Ukipiga namba, kioo kinakupa jambo moja tu: bonyeza moja, daktari atakupigia sasa hivi. Sikumpelekea Bibi ikiwa imekamilika. Nilimpelekea ikiwa imechorwa kwenye karatasi, akaigusa kwa kidole, akauliza, "Na nikikosea?" Hilo hatukuwa tumelifikiria, tukaongeza njia ya kurudi nyuma.

Ng'ombe alizaa mchana mmoja wa mvua, mimi sipo. Daktari ndiye aliyenisimulia. Aliona wito umeingia, akapiga, na kabla hajasalimia akasikia sauti ya Bibi: "Mguu mmoja tu ndio unaoonekana. Njoo." Akapanda pikipiki kwenye matope. Alimkuta Bibi amepiga magoti kwenye majani, maji ya moto tayari. Walivuta pamoja, na ndama jike akatoka anapumua.

Nilipokwenda kumwona, Bibi alinionyesha masikio ya ndama, akanionyesha anavyonyonya, akanipa maziwa. Simu hakuitaja hata kidogo. Ilikuwa imefanya kazi yake akaisahau, na hiyo ilinifurahisha kuliko zile "nzuri sana" zote nilizokusanya mwanzoni.

Kwa hiyo, mwanangu, programu ya kuchorea utajifunza, wala haina haraka. Anza na kukaa na watu. Usiwaulize kama kitu chako ni kizuri, maana watu wetu ni waungwana, watakwambia ni kizuri ili urudi nyumbani na amani. Wape wakitumie, wewe ufunge mdomo. Wakikwama, kitu chako ndicho kilichokwama, si wao. Sikiliza wanachojisemea wenyewe wakiwa wamechoka, kwa sababu hapo ndipo wanapotaja haja yao. Chora kwenye karatasi kwanza, ili usione uchungu kufuta. Na usiogope kwamba kunyamaza ni kukosa heshima. Kumsaidia mtu mara moja ni rahisi. Kumtengenezea kitu anachoweza kukitumia hata wewe usipokuwepo ni heshima kubwa zaidi.

Mungu akupe macho yasiyo na haraka, mwanangu, na ulimi unaojua kungoja. Abariki kazi ya akili yako, iwafikie watu usiowajua siku wanapokuwa na shida, iwaitikie mara moja, iwaache waendelee na maisha yao kwa amani. Amina.