Samaki wa Gitobu

Mwaka huu Gitobu alipofika kwetu kutangaza samaki, nilijifanya nina ndengu za kuchagua. Niliketi mlangoni na ungo magotini, nikamwacha aongee na mama mkwe wangu.

Gitobu ni fundi wa maji hapa Mitunguu. Mpira wa maji ukipasuka, sprinkla ya kumwagilia ikiziba, pampu ikikataa kuvuta, yeye ndiye huitwa. Utamjua kwa spana aliyoifunga kiunoni kwa kamba ya katani, na kwa gambuti za mpira anazovaa hata jua likichoma mpaka mbuzi wanajificha chini ya gari. Si mtu wa maneno mengi. Lakini kila Desemba, watoto wakishafunga shule, huweka spana chini siku moja na kuwaonyesha sinema. Ni moja tu, ile ile kila mwaka: ya samaki papa anayekula watu baharini.

"Jumamosi, baada ya chakula cha mchana," alimwambia mama mkwe. "Kwa stoo ya ndizi. Waje wameshakula, wasiniletee njaa."

"Watakuja. Na huyu wetu pia, sasa amefika umri."

Huyu wetu ni Karwirwa, msichana wangu wa gredi ya pili. Alikuwa chini ya meza na kifaranga mkononi, akimfungua mdomo aone kama ana meno.

Gitobu akanigeukia. "Mama Karwirwa, umenyamaza."

"Nachagua ndengu, mzee."

"Hizo ndengu zimechagulika tangu nifike."

Akaenda zake. Mimi nilibaki nikizungusha ungo.

Nilizaliwa Karurumo, upande wa Embu. Kwetu maji yako bondeni, ni baridi, na unayasikia kabla hujayaona. Hapa Mitunguu maji hayana sauti. Yanakuja kwa mpira wa mradi wa maji, kwa zamu, na zamu yako ikipita unangoja. Kwa hivyo mwenye nguvu anachimba bwawa la kuyaweka, analitandika nailoni nyeusi, na migomba yake inakunywa hata wakati wa kiangazi. Letu lilichimbwa Agosti, chini ya shamba. Mume wangu, Kinyua, alilifurahia kama mtu aliyepata ng'ombe.

Haukupita muda, mbuzi wa jirani akatumbukia. Tulimkuta asubuhi, amekufa. Nailoni ile ina utelezi wa mlenda, na pande zote za bwawa kulikuwa na alama za kwato. Yule mbuzi alizunguka bwawa lote akitafuta mahali pa kutokea. Tangu siku hiyo sikuweza kuosha sahani mbili bila kuinua kichwa kumtafuta Karwirwa. Yeye ni mtoto wa kufuata kitu mpaka aone mwisho wake.

"Tuweke seng'enge," nilimwambia Kinyua.

"Migomba ikizaa tutaweka."

Mama mkwe alisikia. "Mimi sikuwahi kuwa na seng'enge," akasema. "Uoga ndio seng'enge yetu. Mpeleke kwa Gitobu."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Gitobu ndiye aliyechimba bwawa la kwanza pande hizi, akiwa kijana, kwa sepetu na mikono yake. Mtoto wa dada yake alizama humo. Hilo si siri, kila mtu hulisema akipita pale. Bwawa lenyewe lilifukiwa, sasa limeota miwa. Wanasema baada ya mazishi watoto hawakukaa hata mwezi kabla ya kurudi kucheza kwenye mabwawa mengine. Walichapwa, wakahubiriwa kanisani, wakarudi tu. Ndipo Gitobu akaenda sokoni Meru akaleta ile sinema. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyepotea kwa maji hapa kwetu. Utambishia nini mtu wa namna hiyo?

Lakini mimi ni mgeni, na mgeni huona vitu. Nilimwona Kinyua, mwanamume mzima anayebeba mkungu wa ndizi kila bega, akisimama mbali na bwawa lake mwenyewe kama limemkosea. Mdomo wa mpira wa pampu ukiziba ndani ya maji hauzibui. Anaokota kamba, anauvuta mpaka nje, ndipo anaugusa. Wanaume wote wa rika lake wako hivyo, wote walipitia stoo ya ndizi. Nikajiuliza swali ambalo sikumwambia mtu: mtoto akianguka, nani ataingia?

Jumamosi tulienda. Madirisha ya stoo yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na televisheni ilikuwa juu ya mizani ya kupimia ndizi, mshale wake ukionyesha uzito. Ndani kulinukia utomvu. Watoto walijaa chini, na watu wazima nyuma, maana hata wazee hawakosi. Bundi, dalali wa ndizi mwenye masharubu, aliingia akainamisha kichwa.

"Bundi," mama mmoja akamwita, "mwaka huu umekuja na suruali ya pili?"

"Nimekuja na mbili. Nyingine ni ya mume wako."

Watu wakacheka mpaka Gitobu akagonga spana kwenye mlango. Sinema ikaanza.

Sitaki kuieleza sana. Kuna bahari, kuna watu wa likizo wenye nguo kidogo, na kuna pezi linalokuja juu ya maji kama panga linalotembea peke yake. Wanaongea Kiingereza lakini hakuna anayewasikiliza, kwa sababu Gitobu huwasemea kwa Kimeru, sauti ya kila mmoja. Watoto wanajua maneno yote. Mahali pa kupiga kelele wanapiga hata kabla samaki hajafika.

Karwirwa alianza akiwa kwenye mapaja yangu. Pezi lilipotokea aliteremka, nikadhani anataka kujificha. Alikuwa anasogea mbele.

CD ile imekwaruzwa. Mtoto mmoja anaelea kwenye tyubu ya gari, mbali na ufuo, na samaki anamjia kutoka chini. Hapo picha huganda, inakuwa vipande vya rangi, kisha inaruka mpaka watu wanaolia mchangani. Gitobu hajawahi kutafuta CD nyingine. Husimama mbele ya televisheni na kuisema ile sehemu mwenyewe.

"Hapa hamuoni, lakini mimi niliona," alisema, na stoo ikanyamaza. "Huyu mtoto alikatazwa na mama yake. Na msidhani huyo samaki anakaa baharini tu. Bahari inaingia kwa mto. Mto unaingia kwa mradi. Mradi unaingia kwa mpira. Na mpira?"

"Unaingia kwa bwawa la baba yangu," watoto wote wakajibu pamoja.

Sauti ndogo ikatoka mbele. "Juju." Ndivyo watoto wa Meru humwita babu, kwetu Embu tungesema guka. "Juju, mpira wa baba ni mwembamba. Samaki anapitaje?"

Watu wakaangua kicheko. Bundi akapiga paja. "Fundi, jibu mteja."

Gitobu alikuna kidevu. Sidhani aliwahi kuulizwa. "Anapita akiwa mdogo," akasema. "Akifika bwawani anakula, anakuwa mkubwa."

Karwirwa akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa jinsi kuku anavyoangua mayai. Niliona shingo yake imetulia; hakuwa ameogopa.

Njiani akaniuliza, "Mama, akiwa mdogo anakula nini?"

Nilitaka kumwambia hakuna samaki. Lakini samaki akiondoka yanabaki maji tu, na maji hayakuwa yanamtisha. "Anakula watoto," nikasema.

"Na mdomo wake bado mdogo?"

Nikamvuta mkono, tukaongeza mwendo.

Wiki iliyofuata, Kinyua alikuwa ametoka na ndizi na mama mkwe alikuwa kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Tulikula mchana mimi na Karwirwa. Nikatoka kuanika nguo, nikarudi kuchukua vyombo. Sahani yake ilikuwa na sukuma wiki yote. Ugali haukuwepo. Karwirwa hula mboga, huacha ugali, kila siku namgombeza kwa hilo.

Nilitupa sahani nikakimbia.

Watoto watatu wa jirani walikuwa wamesimama kwenye migomba, mbali na bwawa, wameshikana mikono. Hawakupiga kelele, hawakuita mtu. Mkubwa wao alinitazama kwa macho makavu.

"Samaki amemshika," akasema.

Karwirwa alikuwa kwenye maji. Alikuwa ameukumbatia mpira wa pampu kwa mikono miwili, kidevu juu, midomo imefungwa. Hakuwa analia. Kipande cha ugali kilikuwa kinaelea kando yake. Mpira ulikuwa unateleza kidogo kidogo, na kila ukiteleza alizama mpaka masikio, kisha akapanda.

Nilipaza sauti kumwita Gitobu, kwa sababu asubuhi nilimwona akitengeneza sprinkla kwa jirani. Alikuja mbio, gambuti zikigonga. Alipofika ukingoni akasimama. Miguu yake ilikataa. Niliona jinsi alivyoyaangalia yale maji, na ilikuwa ni vile vile watoto wale watatu walivyoyaangalia.

"Mama Karwirwa," akasema polepole, "mimi siwezi kuingia."

Nikiruka ndani nisingeweza kutoka, kama yule mbuzi. Hapo karibu kulikuwa na mgomba uliolemewa, umetegemezwa kwa mti wenye panda. Niliung'oa ule mti. Mgomba ukaanguka na mkungu wake nyuma yangu, sikugeuka. Nikalala kifudifudi juu ya nailoni, kichwa chini.

"Nishike miguu."

Hilo aliliweza. Alikaa chini, akakita gambuti kwenye udongo, akanishika vifundo kwa ile mikono ya spana mpaka nikasikia mifupa. Nikateremka. Nailoni ilikuwa ya moto na yenye utelezi, na maji yalinijia usoni. Nikasukuma mti mpaka panda ikafika kifuani kwa mwanangu.

"Pitisha mkono hapa. Achilia mpira, ushike mti."

Hakuachilia.

"Karwirwa. Achilia."

"Nikiachilia atanishika."

"Nani?"

"Yuko chini," akasema, na sasa sauti ikatetemeka. "Nimemsikia kwa miguu."

Mpira ukateleza tena. Alipopanda alikuwa anakohoa maji. Nilimwambia hakuna samaki. Nilisema mara nyingi, sijui ngapi. Akaniangalia kwa huruma, vile mtoto humwangalia mzazi asiyejua kitu. Mimi si mwenye samaki.

"Gitobu," nikasema bila kugeuka. "Mwambie wewe."

Nilijua wale watoto watatu wako nyuma yetu. Yeye pia alijua. Nilisikia anavyopumua.

"Karwirwa," akasema. "Mwana wangu. Sikiza juju."

"Nasikia."

"Samaki hayuko. Hajawahi kuwa kwa bwawa. Mimi ndiye nilimweka, kwa mdomo. Hiyo unayosikia ni mpira unakugusa. Ni maji tu. Shika mti wa mama."

Karwirwa akafikiria. Hata pale, kidevu kikiwa majini, alifikiria. Kisha akaachilia mkono mmoja, akaupitisha kwenye panda, akaachilia wa pili. Uzito wake wote ukanijia mabegani. Gitobu akaanza kuvuta, nami nikapanda kinyumenyume juu ya nailoni, ngozi ya viwiko ikibaki huko, mpaka nikawa na udongo chini ya tumbo na mtoto chini ya kifua.

Alitapika maji juu ya gambuti za Gitobu. Yeye hakuzisogeza.

Jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua samaki hayuko. Wale watatu walikuwa wamesambaza habari hata kabla nguo za Karwirwa hazijakauka. Mama mkwe alimshika mjukuu wake muda mrefu, halafu akaniambia, "Nashukuru Mungu. Lakini sasa tutawazuia na nini?"

Usiku huo na wa siku kadhaa zilizofuata, nikifumba macho, nilisikia vidole vya mtu vikilegea kwenye vifundo vyangu.

Gitobu hakuonekana siku kadhaa. Siku aliyokuja alikuwa amebeba miti yenye panda begani, aliyoikata na kuilainisha, na kamba za katani zenye mafundo ya kukanyagia. Alifunga kamba moja kwenye nguzo ya pampu yetu, akaiteremsha mpaka majini, akalaza mti mmoja ukingoni. Mingine akaipeleka kwa mabwawa mengine. Kisha akatangaza Jumamosi tena.

"Watu watakucheka," mama mkwe akamwambia.

"Wacheke wakiwa wamekaa chini."

Walijaa kuliko mwanzo. Bundi alipaza sauti kuuliza kama samaki amelipwa fidia, wengine wakamzomea. CD ilipofika mahali pake, picha ikaganda, Gitobu akasimama mbele. Alingoja mpaka watoto wakaanza kusukumana.

"Mwenzako ameanguka," akasema. "Unafanya nini?"

Maneno haya watoto hawakuwa wameyazoea.

"Unaita," Karwirwa akasema kutoka kwenye mapaja yangu. Safari hii hakuteremka.

"Halafu?"

"Unaleta mti. Unalala chini."

"Na wewe unashikwa na nani?"

Watoto wakaangaliana. Mkubwa wa wale watatu wa jirani, yule wa macho makavu, aliinua mkono nusu. "Na mimi," akasema.

Gitobu akageuka kuangalia televisheni, ingawa hapakuwa na kitu cha kuona, ni vile vipande vya rangi tu.

Sasa watoto hushinda kwenye mabwawa wakitupiana kamba, na hilo ndilo nililokuwa naliogopa tangu mwanzo. Kila nikisikia maji yamepigwa, moyo unaruka. Siwafukuzi. Nimehamisha kamba yangu ya kuanikia nguo, naanika pale ninapoona bwawa lote.

Na kila asubuhi naangalia kama mti uko mahali pake. Juzi sikuuona. Kinyua alikuwa ameuchukua kutegemeza mgomba mwingine, na mkungu wenyewe kweli ulikuwa mzito, ndizi za kukata wiki ijayo. Nilimwita, kumbe alikuwa ameshatoka. Nikauchomoa. Mgomba ukainama polepole mpaka majani yakagusa chini. Nikaurudisha mti kando ya bwawa, panda ikielekea maji.